Mchumba si Zawadi ya Mshindi

Kucheka si dhambi. Mtoto na acheke, na babu yake acheke pamoja naye, nyumba ipate furaha. Lakini kicheko huufungua moyo, na moyo uliofunguliwa hupokea mengi bila kuyapima. Ndiyo maana leo, wasomaji wetu wapenzi, twataka kuzungumza juu ya sinema ya katuni, jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo mno kwa ukurasa huu. Twaomba mtuvumilie, kwani ndani ya jambo hilo dogo limo swali linalozihusu nyumba zetu zote: je, upendo wa mtu hupatikana kwa kumshinda mwingine?

Tarehe 14 Julai 1933, huko Marekani, ndugu wawili, Max na Dave Fleischer, walitoa sinema fupi ya michoro, ya dakika chache tu, iitwayo Popeye the Sailor. Baharia Popeye alikuwa amekwisha kujulikana magazetini tangu mwaka 1929, alipochorwa kwa mara ya kwanza na E. C. Segar, sasa watu walimwona akitembea, akiimba na kupiga ngumi. Kisa chenyewe ni chepesi. Popeye anakwenda kwenye uwanja wa michezo pamoja na msichana mwembamba aitwaye Olive Oyl. Baharia mwingine, Bluto, pande la mtu mwenye ndevu, anamtaka msichana huyo huyo. Wanaume hao wanashindana katika kila mchezo wanaoukuta: huyu akipiga nyundo penye chombo cha kupimia nguvu, mwenzake hupiga kwa nguvu zaidi. Mwishowe Bluto anamnyakua Olive na kumfunga relini, nayo treni inakuja. Popeye anakula spinachi yake, anamshinda Bluto, kisha anaipiga treni yenyewe kwa ngumi na kuisimamisha. Watazamaji wanashangilia.

Kisa hicho kilipendwa sana, hata kikarudiwa kwa sura mbalimbali katika nyingi za sinema za Popeye zilizofuata: wanaume wawili, msichana mmoja, ngumi na spinachi. Nazo sinema hizo kongwe hazikufa. Leo zimo katika simu iliyo mfukoni mwa baba, na mtoto wa Mgeta huweza kuzitazama sawasawa na mtoto wa New York.

Watu wa Morogoro wanaijua reli tangu ilipofika mjini kwao mwaka 1907, na kila mzazi wa huko amekwisha kumkanya mtoto wake asicheze juu yake. Basi tuiache michoro kwa kitambo, tumfikirie binadamu halisi aliyefungwa pale. Mmoja amemfunga kwa sababu anamtaka. Mwingine anamfungua kwa sababu naye anamtaka. Twakiri kwamba Olive anaonekana kumpendelea Popeye. Hata hivyo, upendeleo wake haulimalizi shauri. Linalolimaliza ni ngumi. Lau Bluto angalikuwa na mkono mzito zaidi, shauri lingalikwisha vingine, na moyo wa Olive usingalibadili kitu. Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

Labda msomaji atasema, “Hayo ni ya katuni, sisi hatufungi mabinti relini.” Vema. Natufikirie jambo linaloweza kutokea katika kijiji chochote cha milima ya Uluguru. Yupo binti wa mlimani, mwenye heshima na akili. Vijana wawili wanampenda. Wa kwanza ni mkulima hodari. Kwenye mteremko analima kabichi, njegere na hiyo hiyo spinachi, na mazao yake hushuka mpaka sokoni Morogoro na hata Dar es Salaam. Wa pili ana pikipiki na kiduka. Mkulima analeta kitenge. Mwenye duka analeta simu. Mkulima anauza mbuzi ili alete zaidi. Mwenye duka anakopa ili asizidiwe. Vijana wenzao kijiweni wanaanza kuhesabu nani anaongoza, kama watu wahesabuo mabao ya mpira. Baba anahesabu, mjomba naye anahesabu. Binti anaona haya kuzikataa zawadi, maana kukataa ni kuwaaibisha wazee. Kisha siku moja, anapothubutu kusema kwamba moyo wake haujaamua, anaambiwa neno moja tu: “Umekwisha kula vya watu.”

Ndugu wasomaji, neno hilo ni kamba. Tofauti yake na kamba ya Bluto ni kwamba haionekani.

Wala asiseme mtu kwamba hiyo ndiyo mila ya wazee. Waluguru tangu kale huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyo hiyo. Kwa mila ya namna hiyo binti ni shina ambalo ukoo wote huchipuka kwake. Nani awezaye kulishindania shina la nyumba ya watu kana kwamba ni mbuzi wa mnadani? Na mjomba, ambaye kwa desturi ana neno zito katika mambo ya mpwa wake, uzito wa neno lake ulikuwa ulinzi. Akilitumia kupandisha bei, amekiacha cheo chake.

Tuyatazame Maandiko Matakatifu. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 24, mtumishi wa Ibrahimu alikwenda kumtafutia Isaka mchumba. Alileta vito vya dhahabu na mavazi, na jamaa walikuwa wamekwisha kukubali. Lakini ilipofika saa ya kuondoka, walisema binti aitwe, aulizwe mwenyewe. Rebeka akajibu kwamba atakwenda. Sura tano mbele twamkuta Lea. Laban, baba yake, alimpeleka kwa Yakobo usiku, kwa hila, kama mtu apelekaye mzigo. Hatusomi popote kwamba aliulizwa. Ni machozi mangapi yaliyotoka katika nyumba ile! Dada wawili wakawa washindani juu ya mume mmoja, na ushindani wao ukaingia mpaka katika majina waliyowapa watoto wao.

Mama Kanisa amelishika jambo hili kwa nguvu. Sheria yake ya mwaka 1983, kanuni ya 1057, yafundisha kwamba ndoa huletwa na ridhaa ya hao wawili wenyewe, na kwamba hakuna mamlaka ya mwanadamu iwezayo kuitoa ridhaa hiyo kwa niaba yao. Kanuni ya 1103 yasema kwamba ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa itokayo nje si ndoa. Na Bluto naye hakusahauliwa! Kanuni ya 1089 yahusu mwanamke aliyetekwa au kuzuiliwa ili aolewe: hawezi kufunga ndoa na aliyemteka, isipokuwa kwanza atengwe naye, awekwe mahali pa salama na penye uhuru, ndipo achague kwa hiari yake. Nayo sheria ya nchi yetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, yadai ridhaa ya hiari ya pande zote mbili, wala haiifanyi mahari kuwa sharti la uhalali wa ndoa.

Kwa nini Kanisa likaze hivyo? Kwa sababu Mungu mwenyewe ametenda hivyo. Alipotaka Mwanawe azaliwe na mwanamke, hakumwamuru Bikira kama mtumwa. Alimpelekea malaika, Maria akauliza swali, akajibiwa, kisha akaitikia kwa kinywa chake. Ikiwa Mwenyezi alilingoja jibu la msichana wa Nazareti, kijana wa Matombo au wa Kinole ni nani hata asingoje?

Sasa yatupasa kulijibu pingamizo lenye haki. Mtu atasema, “Je, kijana asijitahidi? Asioneshe kwamba anafaa?” Na ajitahidi! Alime shamba lake, ajenge nyumba, aache ulevi, awaheshimu wazee. Yakobo alitumika miaka saba kwa ajili ya Raheli, na kwa upendo wake ikawa kama siku chache tu. Juhudi kama hiyo humfanya mtu kuwa bora, hata kama mwisho wake si arusi. Lakini juhudi humpa kijana haki ya kuuliza. Haimpi haki ya kukubaliwa. Zawadi ikitolewa kwa moyo mweupe huwa zawadi. Ikitolewa ili imfunge anayeipokea, hiyo ni rehani.

Hapa ndipo lilipo jambo gumu zaidi katika sinema ile. Bluto ni mwovu, na kila mtoto humwona. Popeye ametenda wema: ameokoa maisha ya mtu. Basi je, aliyeokoa ana haki juu ya aliyeokolewa? Twajua vijana wengi wema ambao hujikwaa hapa. Wamemsaidia binti karo ya shule, au wameuguza mama yake, kisha wanaudai moyo wake kama malipo. Wema wao ulikuwa wa kweli, na shukrani wanastahili. Lakini upendo si deni. Bwana wetu ametuokoa kwa damu yake, naye, kama tusomavyo katika Ufunuo, husimama mlangoni akibisha. Hauvunji mlango.

Tuwaambie pia mabinti neno, tusije tukaonekana kuwaelemea vijana peke yao. Binti anayewaacha wanaume wawili wakishindana, huku moyo wake umekwisha kuamua, ili tu azifaidi zawadi zao, amejigeuza mwenyewe kuwa kombe. Basi jibu lake na lije mapema, tena kwa upole. “Hapana” iliyosemwa wazi leo huokoa mali ya kijana, na pengine huokoa hata uhai; maana magazeti yetu hayakosi habari za damu iliyomwagwa kwa wivu wa mapenzi.

Maana ndivyo ushindani ulivyo. Kombe la mwaka huu huweza kushindaniwa tena mwaka ujao. Mume aliyempata mkewe kwa kumshinda mwenzake hapati usingizi. Kila anayemsalimu mkewe sokoni humwona Bluto mpya. Huihesabu simu yake, huipima njia yake ya kisimani, na nyumba iliyotazamiwa kuwa mahali pa pumziko huwa uwanja wa ndondi. Lakini yule aliyepewa moyo kwa hiari ana jambo la kuegemea: mke wake alimchagua. Neno hilo haliwezi kunyang’anywa na mwenye ngumi nzito wala mwenye mfuko mzito.

Na yule asiyechaguliwa? Methali yasema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni methali njema, lakini hapa twathubutu kuiongezea neno. Kijana aliyejibiwa “hapana” hakushindwa, kwa kuwa hapakuwa na mchezo. Aliuliza swali la kweli, akapewa jibu la kweli, na heshima yake ipo pale pale. Na amshukuru Mungu, aendelee na jembe lake. Aibu ingalikuwa kuishi miaka arobaini na mwenzi ambaye hakumtaka.

Enyi wazazi, hatuwaombi mzifiche simu wala mwazuie watoto wasimtazame baharia na spinachi yake. Kaeni nao. Treni ikiisha kusimama na kicheko kikiisha kutulia, mwulizeni mtoto swali moja: “Je, wewe ungekuwa Olive, ungependa wakufanyeje?” Mpeni nafasi ajibu mwenyewe. Msichana atakayejibu ataanza kujua kwamba ana neno lake katika dunia hii. Na mvulana atakayejibu atakuwa ameanza kujifunza kuuliza.

Na siku watakapofika mbele ya altare, iwe katika kanisa kuu la Morogoro au katika kigango kidogo cha mlimani, padri atawauliza kwanza kama wamekuja kwa hiari yao wenyewe. Heri nyumba ambayo swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa humo zamani, na jibu lake likangojwa.