Mwenye Nguvu Mpishe?

Wahenga wamesema: mwenye nguvu mpishe. Nasaha hiyo yaelekea kuwa ndiyo sheria ya pekee katika mitaa ya ndani ya Ubungo, pale njia mbili za vumbi zikutanapo pasi na taa, alama wala askari. Lori la mchanga hutangulia, daladala hufuata, bajaji hujipenyeza, na mwenda kwa miguu hungoja. Hakuna aulizaye haki ni ya nani. Kila mmoja amekwisha kupima chuma cha mwenziwe.

Methali hiyo haikosi hekima, ila ni hekima ya kunusuru roho. Anayempisha mwenye nguvu amesalimika tu, wala hajakiri kuwa njia ni ya yule. Dhuluma huanza pale mwenye nguvu anapoigeuza hofu ya wenziwe kuwa stahiki yake.

Kanuni ya kipilefti yatazama kwingine. Kwa kuwa Tanzania magari hupita kushotoni, aingiaye kwenye mzunguko humpisha ajaye kutoka kuliani kwake. Kulia hakuna ubora wowote; waendeshao kuliani hupisha atokaye kushoto. Lakini humo ndimo ulimo uadilifu wake: upande hauulizi gari ni la tajiri au la muuza mkaa. Apishaye leo ndiye apishwaye kesho.

Februari 2021 zilifunguliwa barabara za juu za Kijazi, zenye ngazi tatu, pale Barabara ya Morogoro ikutanapo na Sam Nujoma na Mandela. Penye foleni mashuhuri ya mataa ya Ubungo, magari sasa hupitana juu na chini. Uhandisi umelipunguza swali kwa kuwatenganisha waliokuwa wakikutana. Ni neema, ila haiwezekani kujenga ngazi tatu kila pembe ya Manzese na Makuburi. Huko watu wangali wakikutana, na swali lingali lao.

Visiwani, katika vichochoro vya Mji Mkongwe visivyopitika kwa gari, mchukuzi huita "Simile! Simile!" na wasio na mzigo hujibana ukutani, hata wawe wakubwa wake. Hapo apishwaye ni aliyelemewa, na mwenye nguvu ndiye apishaye. Ubungo nako wapo waliolemewa. Mama mwenye ndoo kichwani amesimama kando ya njia panda, wala hana honi.