Nia ya Ndoa Mbele ya Dirisha la Viza

Kiamaiko, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi unaojulikana kwa soko la mbuzi na machinjio yake, una Waislamu wengi wenye asili ya Marsabit, Moyale na Isiolo, na wengine waliovuka mpaka kutoka Ethiopia. Kwa watu wenye jamaa pande zote za mpaka, na wengine ng'ambo, kuoana na raia wa nchi nyingine si ajabu. Nikaha ikishafungwa kwa walii, mashahidi wawili, mahari, ijabu na kabuli, sharia inawatambua wawili hao kuwa mume na mke. Lakini mmoja akiomba viza ya kumfuata mwenziwe, ubalozi hautosheki na hayo. Unataka cheti cha msajili, picha za harusi, mazungumzo ya simu, risiti za pesa zilizotumwa, na majibu yanayolingana kwenye mahojiano, ili afisa aamue kama ndoa ni ya kweli au ni ya makaratasi. Swali la kidini linazuka hapo: je, hamu ya kuhama huichafua ndoa, na ni nani mwenye haki ya kuipima nia ya wanandoa?

Sahihi ya Bukhari inafunguliwa kwa hadithi ya nia, na mifano yake inagusa mambo haya haya mawili: kuhama na kuoa. Aliyehama kwa ajili ya Mungu na Mtume wake, hijra yake ni kwao. Aliyehama kutafuta dunia au mke, hijra yake ni kwa hicho alichokifuata. Wanazuoni husimulia kando yake kisa cha mtu aliyehamia Madina ili amwoe Umm Qays, hata akaitwa mhamiaji wa Umm Qays, ingawa wapo waliotilia shaka kwamba kisa hicho ndicho chanzo cha hadithi. Thawabu ya hijra ilimpita, lakini kisa hakisemi kwamba nikaha yake ilitenguliwa wala kwamba alirudishwa Makka. Thawabu iko mikononi mwa Mungu. Uhalali wa ndoa hupimwa kwa yanayoonekana. Ndivyo pia Mtume alivyomkemea Usama bin Zaid, aliyemuua mtu aliyekwisha kutamka shahada akidai kwamba aliitamka kwa hofu ya upanga: alimuuliza kama aliupasua moyo wa mtu yule akaona kilichomo.

Mtu anaweza kupinga kwamba wanazuoni wenyewe hawakuipuuza nia. Ni kweli. Aliyemwoa mwanamke wa talaka tatu akinuia kwa siri kumhalalishia mume wa kwanza, ndoa yake ni batili kwa Malik na Ahmad. Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na wengi Afrika Mashariki, aliisihisha maadamu sharti hilo halikutamkwa kwenye akdi. Lakini tuangalie ni nia gani walioibatilisha ndoa hiyo waliikataa: nia inayopingana na ndoa yenyewe, ya mtu anayeoa ili aache. Faida ya dunia inayoandamana na ndoa ni jambo jingine. Hadithi mashuhuri inataja kwamba mwanamke huolewa kwa mali, nasaba, uzuri au dini. Inahimiza dini, wala haizivunji ndoa za wengine. Anayefurahi kwamba mwenziwe ana pasipoti ya Marekani hana kosa kubwa kuliko anayefurahi kwamba mkwewe ana ng'ombe.

Pingamizi zito zaidi ni la dola. Kuna watu wanaolipana ili waandikishwe kuwa mke na mume, na nchi ina haki ya kujilinda; hata Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inaihesabu kuwa batili ndoa iliyofungwa kwa makusudi ya udanganyifu. Haki hiyo siikatai. Ninachodai ni kwamba swali liulizwe sawasawa. Uingereza iliwahi kumtaka mwombaji athibitishe kwamba lengo kuu la ndoa yake halikuwa kuingia nchini, yaani athibitishe kisichokuwemo moyoni. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 1997. Mahakama ya rufani ya Marekani, katika kesi ya Bark ya mwaka 1975, iliuliza jambo la haki zaidi: je, wawili hawa walipooana walikusudia kuishi pamoja? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 15, inauachia muda kazi kubwa: mgeni aliyedumu katika ndoa na Mkenya kwa miaka 7 ana haki ya kuomba uraia. Maisha ya pamoja yanaonekana, na binadamu anaweza kuyatolea ushahidi bila kudai kuona ya ghaibu.

Je, hoja hii inamfungulia mlango mwongo? Hapana, kwa kuwa aliyemshinda afisa kwa picha na risiti bado hajahojiwa na Anayejua. Ndiyo maana mzigo wa kwanza si wa ubalozi, ni wa wanandoa, mawalii na masheikh wanaowaozesha. Kabla ya akdi wawaulize waziwazi: viza ikinyimwa, mtaishi wapi, na nani atamfuata mwenziwe? Walio na jibu wana ndoa, hata kama wanatamani sana kusafiri. Wasio na jibu wapaswa kuambiwa wangoje, maana anayeoa karatasi atamwacha mtu karatasi ikishapatikana.