*TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 17: Hila na Khiyana*



Leo tunakumbuka Badr, mwaka wa 2 Hijria. Vijana wetu wanaosomea kompyuta wana swali: kuharibu silaha ya adui kwa programu yenye mtego, ni hila au ni khiyana?

Mwaka 2025 zilienea taarifa za vita vya Ukraine: baadhi ya droni zao zimetiwa programu ya aina hiyo. Askari wa Urusi akiiteka na kuiunganisha na kompyuta ili aitumie tena, moja inaunguza tundu la waya, nyingine inagoma kupangwa upya.

Hila vitani inaruhusiwa. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitoka kwenda vitani, huonyesha kama anaelekea kwingine. Lakini tazama Badr. Hudhayfa bin Yamani na baba yake walikamatwa njiani na Maquraishi, wakaachiwa kwa ahadi kwamba hawatapigana. Waislamu walikuwa 313 hivi, adui karibu 1000. Kila mkono ulihitajika! Hata hivyo Mtume akawarudisha Madina, ahadi itimizwe. Ahadi yenyewe walipewa washirikina, tena wakiwa njiani kuja kupigana.

Basi droni iliyotekwa, nani alimwahidi mtekaji kwamba ni salama? Hakuna. Kaichukua ili aigeuzie wenyewe, na mtego umemnasa yeye.

Linganisha na Lebanon, Septemba 17, 2024. Peja zilitolewa kama bidhaa za kawaida, kumbe ndani mna baruti. Zikalipuka madukani na majumbani, na watoto wakafa. Mtu atasema, "Adui sina ahadi naye." Sawa, na yule mtoto je? Aliyebonyeza hakujua kila peja iko mkononi mwa nani. Na anayekuuzia kitu, hata asiposema neno, amekuahidi kwamba hakina sumu.

Kwa hiyo maswali ni mawili: *Nimeahidi nini? Madhara yatamfikia nani?*

Haya si ya wanajeshi tu. Wewe fundi simu, wewe unayeandika programu, mteja haoni ulichoweka ndani. Ni kama saumu: ukinywa maji chooni, nani atajua? Anajua Yeye. Funga yako ya leo ifike mpaka kwenye kazi ya mikono yako.

Ewe Mola, tujaalie tuwe watu wa amana, hata kwa tusiowapenda. Aamin.

Mfikishie na mwenzako. Futari njema.