Hema, Dungu na Mzigo wa Mwenzio

Watu wasafirio kwa miguu hushindana juu ya jambo moja: je, msafiri achukue hema, au ategemee kibanda atakachokikuta njiani? Mpenda hema husema kuwa yu huru. Popote jua lichwapo ndipo kwake. Mpenda kibanda hujibu kuwa uhuru huo una uzito, na kwamba paa lililojengwa kwa ajili ya wote ni ukarimu uliomtangulia mgeni. Hoja zote mbili ni njema, walakini zote zimelipita swali lililo kubwa zaidi: ni nani aliyeyabeba malazi hayo, na yeye hulala wapi?

Swali hili sikulipata vitabuni. Mwezi wa Mei, mwaka 2018, nilisafiri na wanafunzi watatu kutoka nyanda za juu za Tarime kuelekea Mugumu, wilaya ya Serengeti, tukipita vijijini nje ya Hifadhi. Tulikuwa na mahema mawili, kila moja la watu wawili, na kijana mmoja tuliyemwajiri atuchukulie mahema hayo. Msomaji na ahesabu. Vichwa vilikuwa vitano na nafasi nne, na hesabu hiyo ilifanywa siku tatu kabla ya safari, mezani kwangu, kwa kalamu yangu.

Usiku wa pili, ng'ambo ya Mto Mara, mvua ya mwisho ya masika ilitukuta kando ya shamba la mahindi. Nilikuwa ndani. Nilijua kijana yu nje chini ya mti, amejifunika gunia. Nilijiambia kwamba wenyeji wamezoea mvua, kwamba ujira wake ni wa haki, kwamba mapatano yetu hayakutaja malazi. Nilijiambia hayo yote, wala hapana hata moja lililonipa usingizi. Sikutoka. Aliyetoka ni mzee mlinzi wa shamba, aliyekuwa akikesha dunguni ili kuwafukuza tembo. Alimwita kijana kwa Kikurya, akasogeza kuni zake, akampa nafasi. Kisha akaja kwenye mahema, akauliza kama na sisi tunavujiwa.

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hatari ya hema ndiyo hiyo: wepesi wake husifiwa na wasiolibeba.

Wala jambo hili si la Mara peke yake. Katika Mlima Kilimanjaro, njia ya Marangu ina vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, vilivyo karibu na mita 2,700, 3,700 na 4,700 juu ya usawa wa bahari. Njia ya Machame ni ya mahema. Achaguaye Machame aghalabu husema amependa mandhari. Lakini mahema yake hupanda kwa vichwa na migongo ya wapagazi, ambao kanuni huwawekea kikomo cha kilo 20. Wamekuwako wapagazi waliolazimika kulala katika hema la kulia chakula, wakingoja wageni wamalize kula ndipo watandike. Uhuru wa mmoja umekuwa kungoja kwa mwingine.

Mtu aweza kuuliza: kibanda nacho hakikujengwa kwa jasho? Kweli; mbao na mabati hayakupanda mlima yenyewe. Tofauti ni kwamba aliyekijenga alibeba mara moja kwa ajili ya wengi, na hema hubebwa kila siku kwa ajili ya wachache. Hata hivyo, tofauti hiyo haitoshi kukitakasa kibanda. Kibanda kimfungiacho mpagazi mlango hakina ubora juu ya hema langu la usiku ule. Na hema lenye nafasi ya aliyelibeba limefanana na dungu la yule mzee.

Kwa hiyo sihukumu kati ya turubai na mbao. Malazi ya safari ni halali pale tu ambapo aliyeuchukua uzito wake ana mahali chini ya paa. Kama mahali hapo hapana, mizigo ipunguzwe, au hema la tatu litafutwe, au safari iahirishwe. Hesabu yenyewe ni nyepesi, na mtoto wa darasa la kwanza aiweza. Mimi niliikosea nikiwa na shahada tatu.