Jina Juu ya Makala

Chuo Kikuu cha Kyoto kilianzishwa mwaka 1897, na watu wakitaka kuonyesha ukubwa wake hutaja tuzo za Nobel. Hideki Yukawa, 1949, Mjapani wa kwanza kuipata. Shinya Yamanaka, 2012, aliyezirudisha seli zilizokomaa katika hali ya uchanga. Tasuku Honjo, 2018, ambaye ugunduzi wake ulizaa dawa za saratani. Wengine huhesabu makala, kisha wakahesabu ni mara ngapi makala hizo zimetajwa na watafiti wengine. Sina ugomvi na hesabu hizo. Mimi nauliza jambo dogo zaidi: makala moja inapohesabiwa, ni nani hasa amehesabiwa?

Nina mfano mmoja, nao hauna tuzo. Watafiti wa Kyoto wamekuwa wakiwafuatilia sokwe wa milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Tanzania, tangu mwaka 1965. Mwaka 1987 Michael Huffman, mtafiti wa Kyoto aliyetoka Marekani, alikuwa huko pamoja na Mohamedi Seifu, Mtongwe aliyejua miti ya kwao. Walimwona sokwe jike aliyeitwa Chausiku akiwa mnyonge, hana hamu ya kula. Chausiku akakata tawi la mti mchungu ambao sokwe hawauli kila siku, akaondoa majani na ganda, akatafuna moyo wake na kufyonza maji yake. Siku iliyofuata alikuwa na nafuu. Seifu alimweleza mwenzake kwamba ule ni mjonso, na kwamba Watongwe huutumia kama dawa. Kule Kyoto wakemia waliuchunguza mti huo na kukuta ndani yake kemikali zenye nguvu dhidi ya vimelea. Makala ya kwanza ilitoka mwaka 1989, na waandishi wake ni wawili: Huffman na Seifu.

Niliposoma maelezo ya mti huo nilicheka peke yangu maktabani. Kwetu magharibi mwa Uganda tunauita omubirizi. Bibi yangu aliniywesha kila nilipopata homa, nami nilikuwa nakimbilia nyuma ya jiko nisimeze.

Nilipomsimulia habari ya Chausiku, bibi aliuliza, "Sasa wao wamegundua nini?"

Kwanza nilikubaliana naye. Baadaye nikaona kwamba swali lake lina nusu ya haki. Bibi alijua kwamba mti unaponya, lakini hakujua kwamba sokwe naye anajua. Tena alichojua hakikuandikwa siku wala saa, kwa hiyo hakuna mtu wa mbali ambaye angeweza kukipima na kumwambia, "Hapa umekosea." Kule kukubali kupimwa na mgeni ni kazi, na Kyoto waliifanya. Lakini bila maneno ya Seifu, wangekuwa wamemwona mnyama mgonjwa akitafuna kijiti, basi. Ushahidi ulikuwa na miguu miwili, na mmoja ulikuwa wa Watongwe.

Wapo watakaosema kwamba Seifu mwenyewe alifundishwa na wazee wake, nao na wazee wao, na hakuna karatasi itakayotosha majina hayo yote. Ni kweli. Ila Yukawa pia alikuwa na walimu, na hatukumnyima jina lake kwa sababu hiyo. Naona tunaanza kusema "maarifa ni ya jamii nzima" pale tu mjuzi anapokuwa mtu wa kijijini.

Jambo hili linanigusa kwa sababu mwaka huu naandika tasnifu yangu juu ya majina ya miti ya dawa na tafsiri zake kwa Kiswahili. Nimewahoji wanawake sita, bibi akiwa mmoja wao. Msimamizi wangu, mtu mwema kabisa, amenielekeza niwaite Mtoa Habari wa Kwanza hadi wa Sita, ili kuwalinda. Nilipomuuliza kuwalinda dhidi ya nini, alisema ndiyo kanuni. Naelewa kanuni hiyo inapohusu siri za wagonjwa. Jina la mti si siri.

Nilirudi kijijini nikamuuliza kila mmoja. Wanne walisema niwaandike. Mmoja alikataa, kwa kuwa mumewe ni mzee wa kanisa na hapendi mambo ya dawa za miti. Bibi alitaka kwanza kujua kama jina lake litakuwa juu, karibu na langu, au chini mwishoni. Nikamwambia fomu ya chuo ina mstari mmoja tu wa mwandishi.

"Basi mwambie huyo mwalimu wako aongeze mstari," alisema.

Nina miadi naye Jumatatu.