Je, Adabu Hutiwa kwa Fimbo?

Mzazi mmoja wa mji wetu alitujia baada ya darasa la Magharibi akatuuliza suala hili: Mwanangu ana miaka minane, naye hataki kwenda chuoni. Kila ifikapo Alasiri tumbo lamuuma. Nimemuuliza mwalimu wake, akanijibu kwamba kijana ni mtundu, na kwamba ametiwa adabu mara nyingi wala hakutengenea. Je, nimwache mwalimu aendelee kumpiga, au nimtoe chuoni abaki bila ya kukisoma Kitabu cha Mola wake?

Tumeliona suala hili kuwa si la mzazi mmoja. Ni la kila nyumba yenye mtoto, na la kila mwalimu anayeingia darasani na watoto arubaini mbele yake na ufito mkononi. Kwa hivyo tumependa kulijibu hapa, ili wazee na waalimu walipime pamoja nasi.

Kwanza natulitazame neno lenyewe. Adabu ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na kwa wanavyuoni wao lilikusanya tabia njema na mafunzo pamoja. Mwenye kumtia mtu adabu ni mwenye kumfundisha. Lakini katika ulimi wetu wa leo, mtu akimwambia mtoto "Nitakutia adabu", hapana mtoto wa Mombasa, wala wa Malindi, wala wa Lamu, atakayengoja kufundishwa kitu. Atajikinga kwa mikono. Neno lililokuwa jina la kufunza limekuwa jina la kupiga. Na lilipogeuka neno, kazi nayo iligeuka: mwalimu akisha kupiga hudhani kwamba amekwisha kufunza.

Hapo ndipo lilipo kosa. Mtoto akiisoma ba kwa ta, mwalimu humwonyesha: hii ina nukta moja chini, na hii ina mbili juu. Humkariria leo, na kesho, na mtondo, mpaka ikatulia. Hasemi kwamba mtoto huyu ni muovu kwa kuwa haijui ba. Lakini mtoto yuyo huyo akizungumza na hali mwenziwe anasoma, hatumwonyeshi namna ya kungoja zamu. Twamhukumu kuwa ajua na amekataa. Nani aliyemfundisha kungoja? Alimfundisha lini, na mara ngapi? Sisi twasema kwamba adabu ni somo kama masomo mengine: ina alifu yake na ina khitma yake, na asiyefundishwa hana hatia ya kutoijua.

Twajua kwamba wako wazee watakaotujibu, na majibu yao yastahiki kusikizwa kwa heshima.

Watasema: Sisi tulipelekwa chuoni, na baba zetu wakamwambia mwalimu kwamba nyama ni yake na mifupa ni yao. Tulipigwa, na tukasoma. Twasema: Ni kweli, mlisoma, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri waalimu wenu. Lakini siku ya khitma huhesabiwa waliohitimu tu. Yule aliyekimbilia baharini kuvua akiwa na juzuu mbili kifuani, na yule ambaye mpaka mvi zimemtoka aona haya kuufungua msahafu mbele za watu, hao hawakuwamo katika shangwe wala katika hesabu. Tukitaka kujua kazi ya fimbo yatupasa tuwahesabu na wao.

Watasema tena: Je, Mtume (s.a.w.) hakuamrisha mtoto afundishwe Sala akiwa na miaka saba, na apigwe kwa kuiacha akiwa na miaka kumi? Twasema: Hadithi hiyo twaijua na twaikubali, na ndiyo hoja yetu. Baina ya saba na kumi mna miaka mitatu. Sala ni tano kwa siku. Hebu fanyeni hesabu: mtoto huyo hufundishwa, na huitwa, na huonyeshwa zaidi ya mara 5,000 kabla ya mkono kuinuliwa. Na ulipoinuliwa, wanavyuoni wameufunga kwa mashuruti: usiumize, usiache alama, wala usiguse uso. Basi hadithi hiyo yampa wapi ruhusa mwalimu kumpiga mtoto wa miaka sita kwa kukosea herufi aliyoionyeshwa mara tatu?

Na mwendo wa Mtume mwenyewe ni upi? Anas bin Malik alimtumikia tokea udogoni kwa miaka kumi, akashuhudia kwamba hakupata kumkemea kwa jambo alilolifanya wala kwa alilolisahau. Bibi Aisha ameeleza kwamba Mtume hakumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi, isipokuwa awapo vitani. Na Muawiya bin al-Hakam aliposema maneno katikati ya Sala, kwa kutojua, watu wakamkodolea macho na kujipiga mapajani. Mtume alipomaliza hakumpiga wala hakumtukana. Alimweleza kwamba Sala haifai kuwamo ndani yake maneno ya watu, akamtajia yanayofaa. Muawiya akasema baadaye kwamba hakupata kumwona mwalimu aliye bora kuliko huyo. Alikosea mbele za watu, akatoka hali ameongezeka ilimu na mapenzi. Hiyo ndiyo adabu.

Wanavyuoni waliokuja nyuma waliufuata mwendo huo. Ibn Sahnun wa Kairouan, aliyefariki mwaka 870, aliandika kitabu kizima juu ya adabu za waalimu, akayatilia mpaka mapigo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alimtaka mwalimu amkataze mwanafunzi tabia mbaya kwa kumdokeza, kwa upole, si kwa kumfedhehi, kwani mwenye kufedhehiwa huingia ujeuri. Naye Ibn Khaldun, katika Mukaddima yake aliyoiandika mwaka 1377, aliweka mlango makhsusi wa kueleza kwamba ukali huwadhuru wanafunzi, khasa wadogo. Alieleza kwamba mtoto aleleweye kwa mabavu hunyong'onyea, akawa mvivu, akajifunza uwongo na hila kwa kuukhofu mkono, hata hila ikawa ndiyo tabia yake. Wazee, tazameni masoko yetu na afisi zetu, kisha mtwambie kama mtu huyu hatumjui.

Na sheria ya nchi imekwisha kusema. Mwaka 2001 Kenya ilifuta kanuni zilizoruhusu viboko mashuleni. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, yamkinga kila mtu na adhabu ya mwili, na mtoto wa chuoni ni mtu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza adhabu hiyo na kumtesa mwanafunzi moyoni. Lakini hatupendi mwalimu aiweke fimbo kwa kukhofu polisi peke yake. Mwenye kuiweka kwa khofu, na hana kitu kingine mkononi, ataichukua tena mlango ukifungwa, au atafanya matusi kuwa ndiyo fimbo yake.

Mmoja katika sisi tuandikao karatasi hizi alisomesha chuo miaka mingi, naye ametupa ruhusa tuyaeleze haya. Alikuwa na mwanafunzi akikaa nyuma, ukutani, akichanganya sini na swadi na thaa kila siku. Alimpiga kwa ajili hiyo karibu ya mwaka mzima, akiitakidi kwamba ni mpuzi. Siku moja bibi yake kijana alikuja kulipa ada, akamwambia, "Maalim, mjukuu wangu huyu ukimwita naye amekupa kisogo, hasikii." Sikio lake lilikuwa likitoka usaha tangu utotoni. Alipopelekwa kutibiwa, akakalishwa mbele, akaonyeshwa kwa midomo na ulimi kila herufi inapotoka, zilimtengenea moja moja. Fimbo ya mwaka mzima haikumwambia mwalimu kwamba sikio lina ugonjwa. Aliyemwambia ni bibi. Mwenzetu alimwomba radhi kijana yule, naye alijibu kwamba hapana neno. "Lakini hata leo," asema mwenzetu, "akinikuta njiani hunipa mkono na macho ameyateremsha, nami sijui kama ni heshima au ni khofu."

Atauliza mwalimu: Basi nifanye nini na watoto arubaini? Hili ni suala la haki, na mwenye kumnyang'anya fundi chombo bila ya kumpa kingine amemdhulumu. Haya ndiyo tuliyoyaona kufaa, kwa wenzetu wa vyuoni na kwa wale wa mashuleni.

La kwanza, mwalimu awatangulie watoto, asimame mlangoni, ampokee kila mmoja kwa salamu na kwa jina lake. Hapo hapo atamjua aliyekuja na njaa, na aliyekuja na kilio, na asiyelala usiku.

La pili, amri ziwe chache, ziseme lifanywalo, wala zisiwe makatazo matupu. "Msifanye fujo" haimwonyeshi mtoto kitu. "Ingia kwa salamu, panga viatu safu, keti pahali pako, fungua juzuu yako" yamwonyesha. Na juma la kwanza mwalimu aifanye mwenyewe mbele yao, kisha waifanye wao, watoke nje na waingie tena, mpaka miguu yao ijue.

La tatu, asiwaweke watoto bure. Fujo nyingi za darasani ni mtoto aliyengoja zamu yake nusu saa hali hana la kufanya. Vyuo vyetu vya zamani vilikuwa na dawa yake: mkubwa akimsomesha mdogo, na kila mmoja akisoma kwa kadiri yake. Waketishwe wawili wawili, mmoja asome na wa pili amsikize na kumsahihisha, kisha wabadilishane. Na sehemu ya kuhifadhi iwe ndogo kwa aliye mzito, kwani aliyeshindwa kila siku mbele ya wenziwe atatafuta sifa kwa njia nyingine, na utundu ni njia iliyo karibu.

La nne, amsifu afanyaye vyema, na alitaje lile jambo. Asiseme tu "Ahsanta", aseme, "Ahsanta, umemngoja mwenzio amalize aya." Mtoto huyo amekwisha kujua alichosifiwa, na wa pembeni yake amejifunza.

La tano, akosoe kwa siri. Mtume alipoona kosa mara nyingi alisema, Wana nini watu wafanyao kadha, wala hamtaji mtu. Mwalimu amwendee mtoto karibu, ateremshe sauti, amkumbushe amri, kisha aondoke ampe nafasi ya kutii. Mtoto aliyekemewa mbele ya wenziwe huwa na mashahidi arubaini, naye hawezi kurudi nyuma ila kwa aibu.

La sita, malipo ya kosa yafanane na kosa. Aliyemwaga na afute. Aliyechana na abandike. Aliyemtukana mwenziwe na amtake radhi. Aliyecheza wakati wa kusoma na asome kidogo wenziwe watokapo. Na mwalimu akisema neno alitimize, leo na kesho, kwa mwana wa tajiri na kwa mwana wa hamali sawasawa. Kitisho kisichotimizwa ni somo la uwongo.

La saba, kosa likirudi mara kwa mara, aulize sababu kabla ya kuhukumu. Atazame macho, asikilize masikio, aulize habari za nyumbani. Na ampelekee mzazi habari njema kwanza, ili siku atakapopeleka mbaya akute mlango u wazi.

Hatusemi kwamba haya ni mepesi. Fimbo hunyamazisha mara moja, na haya hutaka mwezi au miezi. Lakini kimya cha fimbo huondoka pamoja na mwalimu. Akipa mgongo, fujo imerudi. Wala hatusemi mtoto aachwe afanye apendavyo. Wazee wamesema, mchelea mwana kulia hulia yeye, na sisi twalikubali neno hilo. Mtoto na alie kwa kuzuiliwa mchezo, na alie kwa kurudishwa kuandika alichokiandika ovyo. Samaki hukunjwa angali mbichi, ampondaye hakumkunja.

Tumebakisha neno moja, nalo ni letu sisi wazazi. Twataka mwalimu awe na subira, na ada ya mwezi hatumlipi ila akumbushwe nayo mzee mara tatu. Twampelekea watoto waliochoka, waliokaa shuleni tangu asubuhi, na pengine hawakula. Nyumbani twawapiga, kisha twashangaa hawaelewi lugha nyingine. Mwalimu mwenye njaa, mbele ya watoto wenye njaa, atapata wapi upole? Mwenye kutaka fimbo iwekwe chini na aanze kwa kulipa anachodaiwa.

Na wewe ndugu yetu uliyetuuliza, jawabu letu ni hili. Usimtoe mwanao chuoni, wala usimwachie apigwe. Nenda kwa mwalimu wake, si kwa ugomvi, bali kwa adabu, maana na yeye ana haki ya kufundishwa kwa upole. Mwambie ile kauli ya nyama na mifupa umeirudisha, na kwamba mtoto ni amana kwenu nyote wawili. Muulizeni kijana pamoja ni nini kinachomshinda, na mumwache aseme mpaka amalize. Akiwa mwalimu hataki kusikia, mtafutie mwanao chuo kingine, kwani Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni rehema, na si haki mtoto akijue kwa maumivu ya tumbo.

Mwenyezi Mungu atupe subira ya kufunza kabla ya kuhukumu, na atusamehe tuliyowafanyia wana wetu hali twadhani ni mafunzo. Amin.