Vijana Wetu na Dansi za Usiku

Singeli sasa yapigwa arusini na sikukuu, toka Manyoni hata Iramba. Wazazi watuuliza: je, ni dhambi kijana Mkristo kuicheza? Swali hili lastahili jibu lililo wazi.

Muziki huu ulizaliwa Dar es Salaam, katika mitaa kama Manzese na Tandale. Vijana wasio na fedha ya kununua ala walitumia kompyuta, wakaiharakisha midundo ya taarabu hata mapigo yakapita 200 kwa dakika. Mwaka 2017 mkusanyiko wa nyimbo zao, "Sounds of Sisso", ulitolewa Kampala, ukasikilizwa hata Ulaya. Kazi ya akili namna hii haifai kudharauliwa.

Tukumbuke pia kwamba zamani wamisionari wengi walizikataza ngoma zetu. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba muziki wa mataifa upewe heshima yake; leo ngoma yalia mbele ya altare. Basi tusihukumu sauti kwa kuwa ni ngeni tu.

Lakini ikiwa mdundo hauna dhambi, mchezaji aweza kuwa nayo. Yafaa kuuliza: Nani awauzia watoto pombe? Maneno ya wimbo yamvunjia nani heshima? Binti atarudi nyumbani na nani? Furaha imwachayo mmoja akilia si furaha ya Kikristo.

Enyi wazazi, sikilizeni kwanza muziki huo pamoja na watoto wenu, ndipo mseme. Mtoto akatazwaye bila kuelezwa sababu hutoroka usiku. Aliyefundishwa hujua mwenyewe saa ya kurudi.